Sura ya Sita: Mboga za Mvua

Daftari la kliniki la mke wangu ni lile la kurasa mia moja, jalada la buluu, kama yale wanayonunuliwa watoto wa shule ya msingi. Nimelipiga mistari kwa rula: tarehe, namba, vidonge. Namba ndiyo bwana wa nyumba. Ikiangukia kati ya 2 na 3, tunanunua mandazi steji ya Machakos kabla ya kupanda matatu ya kurudi Masii. Ikitoka nje ya hapo, safari yote tunatazama dirishani, kila mtu upande wake.

Mwaka wa kwanza, Septemba ilisoma 2.8. Oktoba, 3.3. Desemba ikaporomoka hadi 1.5. Sista aliyekuwa mezani siku hiyo alivua miwani akamtazama mke wangu kama mama anayemjua mwanawe.

"Mwalimu, niambie ukweli. Dawa unameza ama unatupa?"

Mke wangu ni mwalimu wa chekechea, na kwa kuwa kijiji kizima humwita Mwalimu, nami nimezoea kumwita hivyo. Hakuwa ametupa hata kidonge kimoja. Mimi ndiye niliyekuwa nikimletea kila jioni saa moja, taarifa ya habari ikianza, nikasimama pale na kikombe cha maji hadi ameze. Tulirudi nyumbani tumeongezewa nusu kidonge pamoja na aibu isiyo yetu. Ilitugharimu mwaka mzima kugundua kwamba aliyeiangusha ile namba ni mvua.

Nirudi nyuma kidogo.

Usiku wa kwanza alidhani ni ndoto. Aliamka saa nane, akakaa kitandani akishika kifua, akasema ndani mwake kuna kuku aliyefungwa miguu. Nikaweka kiganja. Nyanya yangu alikuwa mpigaji wa kilumi, ile ngoma ya akina mama wa Kikamba ya kuombea mvua na kutuliza pepo, kwa hiyo ngoma ikikosea huwa najua. Hii haikuwa imekosea pigo moja au mawili. Haikuwa na mdundo wa kukosea.

Kulipokucha kila mtu alikuja na jina lake: presha, mawazo mengi, hewa tumboni. Jirani mmoja alinong'ona habari za uganga, maana huku Ukambani kisichopewa jina na daktari hupewa hilo. Katika zahanati moja waliandika "wasiwasi" na kumpa vitamini. Miezi minne ikapita hivyo, naye akipanda kilima cha shule kwa vituo vitatu ambapo zamani hakuwa na hata kimoja.

Kipimo cha ECG, cha umeme wa moyo, kilichukua dakika tano. Mashine yenyewe ilikuwa ndogo kuliko redio ya baba yangu. Ya kwanza, aliyoiunda Willem Einthoven kule Uholanzi mwanzoni mwa karne iliyopita, ilikuwa na uzito wa karibu kilo 270, na mgonjwa alikaa ametumbukiza mikono na mguu kwenye ndoo za maji ya chumvi. Alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1924. Nilipoishika karatasi ya Mwalimu yenye miraba midogo ya waridi niliona kile nilichokihisi kwa kiganja: vilele vilivyotawanyika bila mpango, viwili vimebanana, kimoja peke yake, kisha pengo.

Daktari wa Machakos Level 5, ambayo wazee bado huiita General, alituchorea moyo nyuma ya fomu ya maabara. Una vyumba vinne. Viwili vya juu hupokea damu, viwili vya chini huisukuma. Moyo mzima huongozwa na cheche inayoanzia juu, mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu akiwa ametulia. Wa Mwalimu ulikuwa na cheche zinazotoka kila pembe, zaidi ya 300 kwa dakika, hata vyumba vya juu vikawa havipigi tena bali vinatetemeka tu. Katikati kuna kama bawabu anayezuia zisishuke zote, lakini huruhusu zinazomjia bila mpangilio, ndiyo maana mapigo ya mkononi hayahesabiki. Na damu isiyosukumwa hutuama. Ikituama huganda, na bonge likichomoka linaelekea kichwani. Tangu mwaka 1978 watafiti waliofuatilia wakazi wa mji wa Framingham, Marekani, walionyesha kwamba mtetemeko huu huzidisha hatari ya kiharusi mara tano au zaidi, na kwamba ukiambatana na vali iliyoharibiwa na homa ya rumatiki, hatari hufika mara 17.

Moyo wa Mwalimu ulikuwa na vali ya namna hiyo. Picha ya eko ilionyesha mlango wa kushoto umesinyaa, kovu la koo lililomuuma utotoni likaachwa lipoe lenyewe. Kabla ya hapo walipima pia tezi ya shingo, maana ikizidi kazi nayo huvuruga moyo. Rais George Bush mkubwa wa Marekani aligunduliwa hivyo Mei 1991, alipopungukiwa pumzi akikimbia mazoezi pale Camp David, na la ajabu ni kwamba mkewe Barbara alikuwa ameshapata ugonjwa huohuo wa tezi kabla yake. Sisi hatukuwa na bahati ya kuugua pamoja.

Naitaja vali hiyo kwa sababu vitabu vya ugonjwa huu vingi vimeandikiwa wazee wa Ulaya na Marekani wenye presha na unene. Uchunguzi wa wagonjwa 15,400 kutoka nchi 46, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta kwamba Amerika ya Kaskazini wenye moyo wa rumatiki walikuwa kama 2 kati ya 100, ilhali Afrika walikuwa zaidi ya 1 kati ya 5. Kwenye benchi la kliniki yetu unaona hilo kwa macho. Kuna wazee wenye bakora, ndiyo, lakini kuna pia wanawake wenye watoto mgongoni.

Akaandikiwa bisoprololi ya kutuliza mbio za moyo, na warfarini ya kuzuia damu isigande. Ile ya kwanza haikutuletea hadithi yoyote. Ya pili ilituletea baba yake mdogo.

Mzee huyo aliwahi kufanya kazi kwenye ghala la mahindi. Alikuja kumjulia hali mgonjwa, akachukua kikopo, akasoma jina polepole, akakiweka mezani kama mtu aliyeshika nyoka. "Hii ni dawa ya panya. Mwanangu mnampa dawa ya panya?"

Ningependa kusema alikosea. Katika miaka ya 1920 ng'ombe wa Kanada na kaskazini mwa Marekani walianza kufa kwa kuvuja damu baada ya kula nyasi kavu za klova zilizoota kuvu. Mwaka 1933 mkulima mmoja wa Wisconsin aliyekata tamaa aliendesha gari kwenye theluji hadi chuo kikuu cha jimbo hilo, amebeba ng'ombe mfu na kopo la maziwa lililojaa damu isiyoganda. Mwanakemia Karl Link na wenzake walikaa miaka kadhaa wakiitafuta kemikali iliyokuwa ndani ya nyasi hizo. Mojawapo ya zile walizotengeneza baadaye iliingia sokoni mwaka 1948 kama sumu ya panya, ikapewa jina kutokana na herufi za wakfu uliogharamia utafiti, WARF. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kutumiwa na binadamu, na mwaka uliofuata akapewa Rais Eisenhower baada ya mshtuko wa moyo.

Nilimsimulia baba mdogo yote hayo. Alisikiliza kwa heshima hadi mwisho, hasa habari ya ng'ombe, kisha akasema: "Kwa hiyo ni dawa ya panya." Nikakubali. Tofauti iko kwenye kipimo, nikamwambia, na ndiyo sababu ya daftari.

Damu ya mtu asiyetumia dawa husoma karibu na 1 katika kipimo kiitwacho INR. Mgonjwa kama Mwalimu anatakiwa awe kati ya 2 na 3. Chini ya 2 bonge linaweza kuota, na ikipanda kupita 4 damu inaweza kutoka mahali ambapo hukuitarajia. Dawa hufanya kazi kwa kulizuia ini lisitumie vitamini K, na vitamini K huletwa zaidi na majani mabichi. Mgonjwa amekaa kwenye mizani: upande mmoja kidonge, upande wa pili sahani ya mboga.

Sasa fikiria sahani ya Masii.

Kwenye nchi ya majokofu, spinachi ya Januari na ya Julai ni ileile. Kwetu mboga hunyesha. Mvua za vuli, ambazo Ukambani ndizo za kutegemewa kuliko za masika, huja mwishoni mwa Oktoba. Wiki tatu nne baadaye kunde, nthooko kama tunavyoziita, zimetoa majani mororo, na hakuna nyumba isiyochuma. Muthokoi kwa kunde, isyo kwa kunde, ugali kwa kunde. Nyumba yenye mgonjwa huletewa za jirani pia, kwa upendo, karai zima. Ikifika Februari shamba limekauka, sukuma wiki ya sokoni imepanda bei, na watu wanakula muthokoi mtupu. Mtu anameza kidonge kilekile mwaka mzima, ilhali upande wa pili wa mizani unajazwa na kumwagwa mara mbili kwa mwaka.

Hayo sikuyajua. Baada ya ile 1.5 ya Desemba, mtu mmoja kliniki alinipa karatasi iliyoandikwa "epuka mboga za kijani", nami nikaitii kama amri ya mahakama. Nikapiga marufuku. Mwalimu alikula kabichi nyeupe na viazi huku sisi wengine tukila kunde mbele yake. Kidonge kilikuwa kimeongezwa, mboga zimeondolewa, na kiangazi kikaja juu yake. Februari alipiga mswaki akatema damu. Namba ikasoma 4.4. Siku hiyo hatukuongea hadi tulipofika nyumbani, na hata hapo ilikuwa ni kuulizana kama punda amenyweshwa.

Aliyetufungua macho ni daftari lenyewe. Mimi ni mkulima wa kuandika. Nyuma ya madaftari yangu yote huwa naweka tarehe za mvua na za kupanda, na hilo la kliniki sikuliacha. Jioni moja nilitafuta tarehe niliyopanda mbaazi, nikalipindua, na kwa mara ya kwanza nikaziona kurasa za mbele na za nyuma kwa pamoja. Mvua ya kwanza tarehe hii, mwezi mmoja baadaye namba imeanguka. Mvua imekatika, namba inapanda. Masika vivyo hivyo, kwa kiasi kidogo zaidi. Nilimwita Mwalimu. Alipitisha kidole kwenye safu zote mbili kama anavyowafanyia watoto wake wa chekechea, akasema, "Kumbe mimi ni shamba."

Mtaalamu wa lishe tuliyempelekea ugunduzi huo alicheka, kisha akatukemea kwa kuacha mboga. Alisema hakuna anayemtaka mgonjwa wa warfarini asile majani. Anatakiwa ale kiasi kilekile, na dawa ipimwe kufuata kiasi hicho. Tukachagua kikombe cha bati, kile cha chai. Kikombe kimoja cha kunde zilizopikwa, siku nne kwa wiki, kunyeshe kusinyeshe. Wakati wa neema majani mengine hukaushwa na kufungwa kwenye gunia, kazi ambayo mama zetu waliifanya bila kuhitaji namba yoyote, ili kikombe kisikose Februari. Na misimu inapogeuka tunakwenda kupima kila baada ya wiki mbili badala ya kungoja mwezi. Embe za Januari nazo tunazihesabu, kwa kuwa madaktari wameripoti wagonjwa ambao embe nyingi ziliwapandishia namba, na kumwambia mtu wa Machakos asile embe kabisa ni kumtafutia talaka.

Hatari nyingine hazina ladha nzuri kama hiyo, nitazipitia haraka. Flagyl, ambayo nyumba nyingi huinunua kemisti kama peremende, huipandisha namba kwa kasi. Septrin pia. Brufen, diklofenaki na aspirini huongeza kuvuja damu, na sindano ya diklofenaki ya takoni, ile anayoiomba kila mwenye mgongo, inaweza kuacha uvimbe wa damu ndani ya nyama. Katika kila duka la dawa mimi husema neno warfarini kabla ya kusema habari ya asubuhi. Dawa za mitishamba hatukatazi wageni kutuletea. Tunashukuru, tunaziweka kabatini.

Kuna swali ambalo jamaa walio Nairobi na ng'ambo huuliza kila Krismasi: si kuna dawa mpya zisizohitaji kupimwa wala kuhesabu mboga? Zipo, na kwa wenye mtetemeko usiotokana na vali iliyosinyaa zimekuwa ukombozi. Mimi pia nilizitamani. Kisha Agosti 2022, huko Barcelona, yakatangazwa matokeo ya utafiti uitwao INVICTUS, uliowafuata wagonjwa zaidi ya 4,500 wa moyo wa rumatiki katika Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, wengi wao wanawake. Waliopewa rivaroksabani walifariki wengi zaidi kuliko waliobaki na dawa za jamii ya warfarini. Sumu ya panya ikashinda. Nilimpigia simu baba mdogo.

Hayo yote ni kazi ya mikono, na mikono hujifunza. Kilichonishinda ni masikio. Kwa mwaka mzima sikulala. Nilimngoja apitiwe na usingizi, nikaweka sikio mgongoni mwake kuhesabu. Kumbe alikuwa macho. Usiku mmoja akaniuliza gizani, "Unasikiliza nini, Mzee? Unangoja usimame?"

Asubuhi alimalizia. Alisema ameolewa, hakuajiri askari. Kwamba namletea kidonge na kumsimamia kana kwamba ni mtoto wa darasa lake, tena yeye watoto wake huwaamini zaidi. Kwamba tangu apewe ile dawa sijamshika mkono ila kwa kutafuta mapigo. Sikuwa na jibu, kwa kuwa hilo la mwisho lilikuwa kweli kabisa.

Tukagawana upya. Daftari likawa lake, vidonge pia, na saa moja jioni mimi natazama habari. Nikachukua maji. Dumu la lita ishirini mgongoni kwa ukanda wa mukwa si mzigo wa mwanamke mwenye mlango wa moyo uliosinyaa, kwa hiyo mimi na punda tukaanza kwenda mtoni, na wanaume waliokaa dukani wakapata la kusema kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Kwenye mwethya, pale kikundi kinapochimba matuta ya fanya juu shamba hadi shamba, natoa zamu yake pamoja na yangu. Mama yangu alidhani ni uvivu wa mkaza mwana hadi nilipomwekea kiganja chake kwenye kifua cha Mwalimu. Alikitoa upesi na hakurudia neno hilo.

Lakini lingine alilirudia, la mjukuu wa tatu. Warfarini inaweza kumlemaza mtoto tumboni, hasa miezi ya mwanzo, na mimba yenyewe ni mzigo mkubwa kwa moyo wenye vali hiyo. Anayetaka mtoto akiwa kwenye dawa hii huanza kwa daktari, miezi kabla, wala hangoji bahati. Sisi tulikaa na daktari saa nzima, tukatoka tumeamua wawili wanatosha. Kumwambia mama ilikuwa zamu yangu. Mwanamke asiachiwe kujibu swali hilo peke yake kwenye ukoo wa mumewe, kwa sababu jibu lake litaitwa kiburi, na la mume litaitwa hekima ya hospitali. Si haki, lakini niliitumia.

Kuhusu pesa sina busara. Oktoba 1, 2024 bima mpya ya afya, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF, mshahara ukakatwa asilimia 2.75, na ada ya chini kabisa ikawa shilingi 300 kwa mwezi. Tumejiandikisha, na bado nauli na vipimo vingi hutoka mfukoni. Chama cha Mwalimu humwekea fungu la safari. Hilo ndilo lisilochelewa.

Dalili za kiharusi tulijifunza wote wanne, watoto wakiwemo: uso ukilegea upande, mkono usioinuka, maneno yanayoburuta. Mwenye kuona atazame saa kwanza, kwa kuwa daktari ataulizia ni lini mgonjwa alionekana mzima, kisha atafute gari la kwenda penye kipimo cha CT, na daftari liende pamoja naye, maana dawa ya kuyeyusha bonge haipewi ovyo mtu ambaye damu yake imeshalainishwa. Hayo yamebandikwa jikoni, juu ya kikombe cha bati.

Novemba iliyopita tulikuwa benchini tena. Nje ilikuwa imenyesha usiku kucha, barabara ya Masii imejaa matope mekundu. Sista alikuwa yuleyule wa miwani. Alisoma 2.3, akageuza kurasa nyuma, akauliza kwa nini pembeni ya namba kuna neno "mvua" limeandikwa kwa kalamu nyekundu, ya mwalimu. Mwalimu akalipindua daftari akamwonyesha ukurasa wa mwisho. Sista aliangalia kwa muda mrefu kuliko foleni ilivyoruhusu. Kisha akagonga muhuri, akaturudishia daftari letu, akamwita aliyefuata, mama mmoja mzee wa Mwala mwenye kitambulisho kilichofungwa kwenye pindo la leso. Namba yake ilikuwa 1.6.

Sista alishika kalamu, hakuandika.

"Mama," akasema, "kwenu kumenyesha?"